Reli Nyembamba za Miwa Katika Visiwa vya Fiji

Mua ukisha kukatwa haungoji. Siku zikipita utamu wake hupungua, na jasho la mkulima hupotea bure. Kwa sababu hiyo kampuni ya Colonial Sugar Refining ya Australia, iliyofungua kiwanda cha Nausori mwaka 1882, ilitandika reli za kupelekea miwa viwandani. Upana wake ni futi 2 tu, hali reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu ni mita 1. Reli nyembamba hugharimu kidogo, hupinda upesi, na vipande vyake vyepesi huweza kubebwa kwa mikono hadi shambani, kisha kuhamishwa mavuno yakiisha.

Wahindi zaidi ya 60,000 waliletwa Fiji kati ya 1879 na 1916 kwa mkataba wa miaka 5, na wengi wao walifanya kazi ngumu ya miwa kwa ujira mdogo. Mikataba ilipofutwa mwaka 1920, kampuni ilianza kuwakodisha wakulima mashamba madogo. Tangu hapo gari la moshi likichelewa, hasara ilimwangukia mkulima mwenyewe.

Reli hizo zilichukua hata abiria bila nauli. Kampuni iliondoka mwaka 1973, na malori yamechukua sehemu kubwa ya kazi. Lakini mua bado haungoji.