Majina na Hesabu ya Nyoka katika Misitu ya Chini ya Kahuzi-Biega

0. Utangulizi

Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, mashariki mwa Kongo, iliundwa mwaka 1970 upande wa milimani. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi misitu ya chini, yenye kimo cha mita 600 hadi 1200 hivi, ikafikia hektari 600.000. Makala hii yaeleza jinsi nyoka wa misitu hiyo wanavyoweza kuhesabiwa, na sehemu ya lugha katika kazi hiyo.

1. Uchunguzi

Nyoka hujificha, kutomwona si ushahidi kwamba hayupo. Kwa hiyo njia kadhaa hutumiwa pamoja: kutembea usiku kwa tochi, kupekua magogo na majani makavu, na kufukia ndoo ardhini kandokando ya uzio mfupi wa plastiki. Kila nyoka hupimwa, magamba yake huhesabiwa, na mahali alipopatikana huandikwa.

2. Majina

Wanakijiji nao huulizwa, na hapo jina laweza kupotosha. Wasemao Kifaransa humwita Dendroaspis jamesoni, nyoka wa kijani wa mitini, kwa jina «mamba». Bali kwa Waswahili wengi mamba ni mnyama wa mtoni. Hata majina ya kisayansi hubadilika: mwaka 2018 Naja melanoleuca, swila wa msituni, aligawanywa kuwa aina tano. Tofauti hizi si mchezo. Sumu ya swila hupoozesha mwili hata pumzi ikakatika. Ya Bitis gabonica, kipiri mnene wa chini, huharibu damu na nyama. Mganga aambiwaye «nyoka» tu, hajaambiwa mengi.

3. Hatari

Tangu 1997 hifadhi hii imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini. Vita vilivyoanza 1996, uchimbaji wa koltani, mashamba na uchomaji wa makaa vimeujeruhi msitu. Mti mkubwa ukiangushwa, kivuli na unyevu huondoka. Atheris squamigera, kipiri wa matawini, hupoteza makao. Tena nyoka asiye na sumu huuawa sawa na mwenye sumu, kwa kuwa wote huitwa nyoka.

4. Hitimisho

Yafaa basi majina ya Kiswahili, Kirega na Kitembo yakusanywe pamoja na vielelezo, kila jina likifungwa kwa mnyama mmoja aliyetambuliwa. Kisichotajwa kwa jina lake ni vigumu kukilinda.