Unauza gari lako? Usitoe ufunguo kabla hujaona salio

Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni, mjomba wangu alikuwa amesimama kwenye kituo cha mafuta karibu na Juja, ufunguo wa Probox mkono mmoja, simu mkono wa pili. Simu ilikuwa imetoka tu kulia. Meseji ilisema amepokea Sh320,000. Mnunuzi, kijana wa heshima aliyevaa shati la ofisi, alikuwa tayari ameshika mlango wa dereva.

"Mzee, imeingia?"

"Naona imeingia."

Kilichomwokoa mjomba si ujanja wake. Ni binti yake, ambaye karo yake ya chuo ndiyo iliyokuwa inafanya gari liuzwe. Aliisoma ile meseji mara mbili kisha akauliza, "Baba, laki tatu na ishirini imeingiaje mara moja?"

Haiwezi kuingia. Kwenye M-Pesa, tangu Agosti 2023, muamala mmoja hauzidi Sh250,000, na akaunti haishiki zaidi ya Sh500,000. Mjomba akaingia kwenye menyu mwenyewe, akaangalia salio. Sh1,140, zile zile za asubuhi. Alipoinua macho, kijana alikuwa anatembea kuelekea barabarani, simu sikioni, kama mtu aliyeitwa na bosi. Hakurudi.

Nimeanza na hiyo kwa sababu wengi wetu tunadhani wanaotapeliwa ni watu wasiojua mambo. Mjomba ametumia simu kulipa na kulipwa miaka mingi. Kilichokosekana ni kuangalia salio kwa sekunde kumi.

Meseji si pesa

Meseji ni barua tu inayokuambia pesa imefika. Mtu yeyote anaweza kuandika barua.

Ile ya mjomba ilikuwa na dalili zake. Ilitoka kwenye nambari ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma, kwa hiyo ilifungua mazungumzo mapya, haikukaa chini ya meseji zake za zamani. Pia ilitaja salio jipya ambalo halikulingana na hesabu. Mtu mwenye Sh1,140 akipokea Sh320,000 anafaa kuona Sh321,140. Mkora hajui ulikuwa na ngapi kwenye simu, kwa hiyo hapo huwa anabahatisha.

Lakini usiweke imani yako yote kwenye dalili hizo. Wapo wanaoweza kutuma meseji yenye jina linalofanana kabisa na la huduma yako, ikaingia pale pale kwenye mazungumzo ya kawaida. Na wapo wanaovijua vikomo vya kutuma pesa, kwa hiyo watakutumia meseji mbili za Sh160,000 badala ya moja. Kwa hivyo kazi yako si kuchunguza meseji kama mpelelezi. Kazi yako ni moja: fungua menyu au programu kwa mkono wako mwenyewe, kwenye simu yako mwenyewe, uangalie salio. Usibonyeze kiungo alichokutumia. Usipige nambari aliyokupa. Na skrini ya simu yake inayoonyesha "imetumwa" si kitu unachoweza kwenda nacho benki.

Akisema mtandao uko chini, sawa, mtandao huwa chini. Ketini mnywe soda mpaka urudi. Mnunuzi wa kweli ataudhika kidogo lakini atasubiri, maana anataka gari.

Kuna nyongeza mbili za mchezo huu. Ya kwanza: mara tu baada ya meseji bandia, unapigiwa simu na mtu anayejiita huduma kwa wateja. Anasema pesa yako imezuiwa kwa sababu ni kiasi kikubwa, na ili ifunguliwe utume ada fulani au utaje PIN. Hakuna pesa halali inayofunguliwa kwa kutuma pesa nyingine, na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN, hata siku moja. Ya pili: mnatoka mmekubaliana amana ya Sh50,000, meseji inakuja ya Sh70,000, kisha anaomba kwa upole, "Boss, nimekosea, nirudishie ile ishirini." Ile ishirini utakayomrudishia ni ya kweli. Ile sabini haikuwahi kuwepo.

Mnunuzi anayelipa mtu mwingine

Huu ndio ujanja ninaouogopa zaidi, kwa sababu mnabaki watu wawili waaminifu mkishikana mashati na mwizi hayupo.

Unaanza hivi. Umetangaza gari kwenye mtandao kwa Sh650,000. Mtu anapiga simu. Hapunguzi bei, jambo ambalo kwa Kenya hii lingepaswa kukushtua papo hapo. Anaomba picha zaidi na nakala ya logibuku, eti aonyeshe mke wake. Ukishatuma, anachukua picha zako na kulitangaza gari hilo hilo kwa Sh480,000.

Kwa bei hiyo simu yake inalia siku nzima. Mnunuzi wa kweli anapatikana, na mkora anamwambia: "Gari liko kwa mjomba wangu, nenda ukalione. Lakini mambo ya bei usizungumze naye, hatujaelewana na familia." Wewe naye anakuambia: "Namtuma shemeji yangu aje aliangalie. Nina deni lake, kwa hiyo tafadhali usimtajie bei."

Mnakutana. Mgeni ameleta fundi, amefungua boneti, ameridhika. Anapiga simu, anaambiwa lipa kwa nambari hii, na analipa kweli. Kisha anakugeukia akidai ufunguo. Meseji aliyo nayo ni halali, salio lake limepungua, macho yake yanasema ukweli. Ila pesa imeenda kwa mtu ambaye nyote wawili hamjawahi kumwona. Ukimpa gari, umepoteza gari. Ukimnyima, yeye amepoteza Sh480,000 na atakuona wewe ndiye mwizi, na huenda mkaishia kituo cha polisi.

Dawa yake haihitaji teknolojia. Mtu akija kuona gari, muulize usoni, kwa sauti, kabla hajafungua hata mlango: gari umeambiwa ni bei gani, utamlipa nani, na uhusiano wako na aliyekutuma ni upi? Yeyote anayekuombeni msizungumze bei ndiye wa kuogopwa. Pesa iende kwa mtu mmoja tu, yule ambaye jina lake liko kwenye logibuku. Unapotuma kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla ya kukamilisha. Mwambie mnunuzi alisome jina hilo kwa sauti kabla ya kukamilisha, na mlilinganishe na logibuku pamoja. Hii inamlinda yeye kuliko wewe, na mnunuzi mwenye akili atakushukuru.

Na logibuku usiipige picha ukamtumia kila anayeuliza. Akija ataiona. Kwenye picha za tangazo pia funika namba plati. Anayetaka kuhakikisha gari ni lako kweli anaweza kuomba rekodi za gari hilo NTSA kupitia eCitizen, na mwenye nia ya kununua hatalalamika kulipia hilo baada ya kuliona gari.

Pesa ipite wapi

Kwa pikipiki au gari la bei ya chini, simu inatosha, mradi mjue vikomo mapema na mpange malipo ya mara mbili. Angalia pia una kiasi gani tayari kwenye akaunti, ili pesa ya mnunuzi isikataliwe kwa kukosa nafasi. Kwa gari la zaidi ya nusu milioni, pokea amana kwa simu na salio liingie benki. Kampuni ya malipo ya simu kukuambia uende benki si kawaida, najua, lakini ndio ukweli.

Kutaneni ndani ya benki yenyewe, siku ya kazi, kabla ya saa tisa. Wakora wanapenda Jumamosi jioni na siku za sikukuu kwa sababu hakuna karani wa kuuliza. Kama analipa taslimu, karani ahesabu na akague noti, wewe usubiri risiti. Kama anahamisha kutoka benki yake, subiri mpaka uione kwenye akaunti yako, si kwenye karatasi aliyochapisha.

Hundi nayo ina hadithi yake. Tangu Oktoba 2009, hundi zinazopitia mfumo wa benki zetu zina kikomo cha Sh1 milioni. Kwa hivyo anayekuletea hundi moja ya Sh1.2 milioni kwa ajili ya gari lako ama hajui, ama anajua sana. Hata ile iliyotolewa na benki yenyewe, watu huiita bankas cheki, inaweza kughushiwa. Iweke, uambiwe imekomaa na pesa ni yako kutumia, ndipo utoe ufunguo.

Kuna pia anayelipa kweli, anachukua gari, halafu anaomba kurudishiwa pesa akidai alituma kwa nambari isiyo sahihi. Hapa silaha yako ni makubaliano ya mauzo yaliyoandikwa: majina na nambari za vitambulisho vya nyote wawili, namba plati, namba ya chesisi, bei, tarehe na saa ya kukabidhiana gari, na kodi ya kila muamala iliyo kwenye meseji. Wote mtie sahihi, na kila mmoja awe na shahidi. Ukipata taarifa kwamba aliyekulipa ameomba kurudishiwa, usinyamaze ukidhani itapita. Jibu siku hiyo hiyo, makubaliano mkononi.

Anayetaka kulipa polepole? Mimi ningekataa. Ukikubali, logibuku ibaki kwako na umiliki usihamishwe mpaka shilingi ya mwisho.

Kuendesha kujaribu, panda naye. Shika kitambulisho chake, kipige picha, na umtumie mtu nyumbani. Kwa pikipiki huwezi kumpakia kirahisi, kwa hivyo aache pesa yote taslimu mikononi mwa shahidi wako au ajaribu ndani ya uwanja uliofungwa geti.

Jina lako likibaki kwenye gari

Pesa ikishaingia, wengi hufikiri kazi imeisha. Mnunuzi anasema, "Nitabadilisha jina wiki ijayo," mnapeana mikono, na miezi sita baadaye polisi wanakutafuta kuhusu gari lililogonga mtu na kukimbia.

Kisheria, aliyesajiliwa ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Sheria ya Trafiki inasema pia kwamba gari likishauzwa lisitumike barabarani kwa zaidi ya siku 14 kama mmiliki mpya hajasajiliwa. Kuhamisha umiliki kunaanzia kwako wewe muuzaji: unaingia eCitizen, unafungua huduma za NTSA, unachagua gari, unaweka taarifa za mnunuzi, ada inalipwa kulingana na ukubwa wa injini, kisha mnunuzi anakubali kwenye akaunti yake. Kama logibuku ina jina la benki au sako iliyokukopesha, hao lazima wajiondoe kwanza, kwa hivyo anza nao kabla hujaweka tangazo.

Fanyeni hivyo mkiwa bado mmeketi pamoja benki, salio likiwa tayari limeonekana. Tafadhali usimpe dalali neno la siri la eCitizen "akusaidie". Akaunti hiyo ina mambo yako mengi kuliko gari moja. Kisha ijulishe kampuni ya bima kwamba umeuza, ili mtu asiendeshe kwa jina lako.

Kama umeshapigwa tayari, muda ndio kila kitu. Pigia mtoa huduma wako wa pesa kwa nambari unayoijua wewe, taja kodi ya muamala, uombe pesa izuiwe. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe upewe nambari ya OB, maana bila hiyo wengi hawataendelea na kesi yako. DCI wana laini ya bure ya kupokea taarifa, 0800 722 203. Usifute meseji yoyote, hata zile zinazokukasirisha.

Probox ya mjomba iliuzwa wiki mbili baadaye kwa mwalimu mmoja, kwa Sh305,000, Jumanne asubuhi, ndani ya benki. Mwalimu alipunguza bei kwa karibu saa nzima, na mjomba anasema hakuwahi kufurahia mtu kumpunguzia bei namna hiyo.