Presha Isiyoshuka na Uamuzi wa Kujiunga na Utafiti

Korogwe si mgeni wa majaribio ya kitabibu. Watoto waliolazwa kwa malaria kali katika Hospitali ya Magunga walikuwa miongoni mwa watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika walioshiriki utafiti uliolinganisha kwinini na artesuneti. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha vifo vya asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini na asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti. Kuanzia mwaka 2009 mji huo, pamoja na Bagamoyo, ulikuwa mmoja wa vituo 11 vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 15,459. Wazazi walioridhia walikubali jambo zito: huenda mtoto wao angeangukia kundi linganishi, ambamo waliozidi miezi mitano walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa badala ya ile ya malaria, na wao wasijue ni ipi aliyochomwa.

Jambo hilo hilo humkabili mtu mzima mwenye shinikizo la juu la damu lisilotii dawa, pale anapoombwa kushiriki utafiti wa tiba isiyo ya vidonge. Tiba inayozungumzwa zaidi ni ya kuunguza mishipa ya fahamu ya figo. Daktari hupenyeza mrija mwembamba, yaani katheta, kupitia ateri ya kinena hadi kwenye ateri za figo. Kisha hutumia joto la mawimbi ya redio au ya sauti kuzima mishipa ya fahamu inayozizunguka. Mishipa hiyo huuhimiza mwili kubana ateri na kuhifadhi chumvi; ikipungua nguvu, shinikizo hutarajiwa kushuka.

Mwanzoni ilisifiwa kupita kiasi. Tafiti za awali, zisizo na tiba ya kuigiza, zilitangaza mafanikio makubwa mno. Ndipo Marekani ikafanyika SYMPLICITY HTN-3, yenye wagonjwa 535. Wote waliingizwa chumba cha katheta, wakapewa dawa ya kuwatuliza, wakafunikwa macho na kusikilizishwa muziki, ila mmoja katika kila watatu hakuunguzwa chochote; alipigwa picha ya ateri tu. Baada ya miezi sita, shinikizo la juu lilikuwa limeshuka kwa milimita 14.13 za zebaki kwa waliotibiwa na 11.74 kwa waliofanyiwa maigizo. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2014, na tofauti ilikuwa ndogo mno kuthibitisha lolote. Wengi waliizika tiba hiyo. Tafiti zilizofuata, zilizoandaliwa kwa uangalifu zaidi, ziliifufua kwa kiasi: shinikizo hushuka kweli, lakini kwa wastani wa milimita chache, na si kwa kila mtu. Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha vifaa viwili vya kazi hiyo. Mgonjwa anayeambiwa kwamba ataacha vidonge anadanganywa.

Kushuka kwa shinikizo katika kundi la maigizo kuna funzo kwa wilaya yoyote. Mtu akijua anafuatiliwa, humeza dawa zake. Kwa hiyo utafiti makini huanza kwa kuwachuja wagonjwa, na mchujo huo una faida kuliko watu wanavyoudhania. Shinikizo huitwa sugu linapobaki juu ya 140/90 ingawa mgonjwa anatumia dawa tatu kwa dozi kamili, mojawapo ikiwa ya kuongeza mkojo. Wengi waitwao sugu hawajafika hapo. Yupo anayemeza dawa siku anapoumwa kichwa tu. Yupo aliyekosa dawa zahanati akakaa wiki tatu bila kitu. Mkulima wa Handeni anayetuliza mgongo kwa diklofenaki kila jioni ya palizi huenda anaipandisha presha kwa mkono wake, na mnene wa mkono aliyepimwa kwa mkanda mwembamba huandikiwa presha asiyokuwa nayo. Wapo pia ambao chanzo ni figo zenyewe. Anayekataliwa katika mchujo kwa sababu kama hizo amepata jibu alilolihitaji.

Anayekubaliwa ana haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Je, utafiti umepata kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Uwezekano wa kuangukia kundi la maigizo ni upi, na kundi hilo litapewa tiba halisi baadaye? Nani atagharamia matibabu ateri ikijeruhiwa, au figo zikidhurika kwa dawa ya picha? Chumba cha katheta hakipo kila mji. Kipo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na nauli ya kutoka Handeni kila mahudhurio si jambo dogo. Fomu isomwe kwa sauti, na mzee anayeelewa Kizigua kuliko Kiswahili cha kitabibu afafanuliwe kwa Kizigua. Anaweza pia kwenda nayo nyumbani akashauriane na wanawe. Akijitoa katikati, huduma yake ya kawaida haipaswi kuguswa.

Wapo watakaouliza kama Afrika inahitaji utafiti wa tiba ghali namna hii. Swali ni halali. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, uliwahusisha wagonjwa 728 katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ukaonyesha kwamba amlodipini ikiunganishwa na dawa ya kuongeza mkojo au na perindoprili hushusha shinikizo vizuri kuliko muungano usio na amlodipini. Vidonge hivyo vinaweza kufika zahanati ya kijijini. Lakini katika HTN-3 Wamarekani weusi walikuwa karibu robo ya washiriki, na kwao tofauti kati ya tiba na maigizo haikuonekana kabisa. Waafrika wasipochunguzwa, tiba hiyo itakapofika huku itaendeshwa kwa takwimu za watu wengine.