Dona

Dona ni unga wa mahindi yaliyosagwa pamoja na ganda na kiini chake, bila kukobolewa. Nchini Tanzania hutofautishwa na sembe, yaani unga mweupe wa mahindi yaliyokobolewa kwanza. Zote mbili hupikwa ugali na uji.

Punje na kukoboa

Punje ya mahindi ina ganda la nje, kiini ambacho ndicho huota, na sehemu kubwa ya wanga. Kiini ni takriban sehemu ya kumi tu ya uzito wa punje, lakini hubeba sehemu kubwa ya mafuta yake, pamoja na vitamini E na madini mengi. Ganda lina nyuzinyuzi, zinazosaidia choo na kumfanya mlaji ashibe kwa muda mrefu. Mashine ya kukoboa huondoa vyote viwili. Gunia la kilo 100 huweza kupungua kilo 20 au zaidi, na mwenye mahindi hulipia kazi hiyo. Pumba huliwa na ng'ombe, nguruwe na kuku. Wafugaji huzinunua kwa sababu wanajua thamani yake.

Mwaka 2011 Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi, kama vile madini ya chuma na asidi ya foliki, katika unga wa viwandani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mahindi husagwa kwenye mashine ndogo za vijijini na mitaani ambazo haziongezi kitu. Kwa familia zinazosaga huko, kuacha kukoboa ndiyo njia rahisi ya kubakiza kilichomo.

Katika Usukuma

Kabla ya mahindi kuenea, Wasukuma wa Shinyanga walitegemea zaidi mtama na uwele, nafaka zinazovumilia ukame. Ugali wake ni mweusimweusi, na hakuna aliyeuonea haya. Weupe ulikuja kuwa alama ya heshima baadaye, sembe ilipopatikana madukani. Katika miji ya njiani kama Tinde, ambapo barabara itokayo Nzega hugawanyika kwenda Shinyanga mjini na kwenda Isaka na Kahama, au kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, mgeni anayeagiza ugali kwa mama lishe hutarajia sembe. Dona ilibaki na jina la chakula cha bweni na cha jela. Lawama hiyo ingefaa zaidi kuelekezwa kwa mahindi ya zamani yaliyotobolewa na wadudu, ambayo yakisagwa hutoa unga mchungu.

Dona na kupunguza uzito

Siku hizi dona huuzwa mijini kama chakula cha kupunguza mwili au cha wagonjwa wa kisukari. Dona si dawa. Nayo ni wanga, na bonge kubwa la dona huongeza sukari mwilini kama mabonge mengine. Faida yake huonekana kwa anayeila kwa kiasi, mwaka hadi mwaka, pamoja na mboga za majani, maharage, karanga au dagaa. Vyakula hivyo vinahitajika pia kwa sababu niasini ya mahindi hainyonywi vizuri mwilini; watu wanaokula mahindi karibu peke yake huweza kupata pelagra. Huko Meksiko tatizo hilo lilizuiwa tangu zamani kwa kuchemsha mahindi na chokaa.

Hatari ya sumukuvu

Hapa ndipo sembe ina hoja ya kweli. Sumukuvu, hasa aflatoksini na fumonisini, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, hivyo kukoboa huipunguza. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye aflatoksini, na mwaka 2016 vifo vilitokea Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi sumu hii.

Kwa hiyo mahindi ya dona huanikwa juu ya turubai, si ardhini, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Punje zilizooza, zilizovunjika au zenye ukungu huchambuliwa na kutupwa. Kuwapa kuku si suluhisho, kwani sumu huwadhuru nao. Kisha mahindi hupepetwa na kuhifadhiwa mahali pakavu, au katika mifuko isiyopitisha hewa.

Unga wenyewe haukai sana, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha. Ni afadhali kusaga debe moja kila baada ya wiki mbili au tatu kuliko kusaga gunia zima.

Majina mengine

Nchini Malawi unga wa namna hii huitwa mgaiwa. Kenya huitwa unga wa posho, kutokana na mashine za posho. Uganda, posho ni ugali wenyewe.