Unyasa ni Wapi? Habari za Mji wa Mbamba Bay na Watu Wake

Ndugu wanachama,

Baadhi yenu mmetuuliza: Unyasa, wanakokutaja wazee wetu, ni wapi hasa, na kukoje? Swali hili si la mchezo. Wamo miongoni mwetu ambao mababu zao waliitwa Wanyasa, na mashamba mengi ya karafuu ya visiwa hivi yalifyekwa na kupandwa kwa mikono yao. Kwa hiyo twapenda kueleza kidogo habari za nchi hiyo, na tutaanza na mji mmoja mdogo ulio kando ya ziwa, uitwao Mbamba Bay.

Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa katika Afrika, baada ya Viktoria na Tanganyika. Urefu wake wapita kilomita 550, na penye kina kikubwa hufika kiasi cha mita 700. Mbamba Bay iko upande wa mashariki wa ziwa, katika Mkoa wa Ruvuma, karibu na mpaka wa Msumbiji. Ng'ambo ya maji ni Malawi.

Mji wenyewe ni mdogo sana. Kuna ghuba iliyokingwa na vilima vya mawe, mchanga wa kuvutia mitumbwi, soko, ofisi za serikali, na nyumba za watu chini ya miembe. Tangu 2012 ndio makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Watu wake huvua samaki na dagaa waitwao usipa, na chakula chao kikubwa ni muhogo.

Atokaye hapo kwenda Mbinga husafiri kilomita 66, na karibu njia nzima ni kupanda. Ziwa liko kiasi cha mita 475 juu ya bahari, na Mbinga iko juu ya mita 1,000. Chini ni joto, juu ni baridi. Chini ni muhogo na samaki. Juu ni mahindi, maharage na kahawa. Barabara hiyo sasa ni ya lami, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo, na masika ilikuwa taabu kupita.

Sasa tutazame hesabu ya watu ya 2012. Wilaya ya Nyasa ilikuwa na watu 146,160. Mbinga, kule milimani, ilikuwa na watu 353,683. Mtu atauliza: mbona watu wamejazana kwenye miteremko mikali, wala si ufukweni penye maji na samaki? Kahawa na hali ya hewa ni sababu mojawapo. Lakini ipo sababu nyingine ya zamani, nayo ndiyo inayotuhusu sisi.

Katika karne ya 19 misiba miwili iliikuta nchi hiyo. Wa kwanza ni vita. Wangoni walitoka kusini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baadhi yao hatimaye wakakaa Songea, wakawa wanashambulia majirani zao. Wa pili ni biashara ya watumwa. Majahazi ya akina Jumbe wa Nkhotakota yalivusha watu ziwani kutoka ng'ambo ya magharibi; na kutoka upande huu wa mashariki misafara ilikwenda kwa miguu hadi Kilwa Kivinje. Kutoka Kilwa wengi walipakiwa vyomboni kuletwa Unguja, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yakapata watu wa kazi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa katika sheria mwaka 1897.

Waliosalimika walitafuta pa kujificha. Wengine walijenga vibanda juu ya nguzo ndani ya maji. Wengine walipanda milimani, kwenye mapango na majabali ya upande wa Litembo, na humo wakakaa Wamatengo. Ardhi ilikuwa finyu na ya mteremko, na watu ni wengi. Basi wakashika kilimo kiitwacho ngoro. Mwisho wa masika hufyeka majani, huyapanga kwa miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu ufuatao mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni wala hayachukui udongo, na majani yaliyooza huwa mbolea. Wenzetu wa Pemba wenye mashamba ya vilimani wataelewa thamani ya jambo hilo.

Hivyo, ndugu zetu, milima ile ilijazwa na waliokimbia, na ufukwe ule ulipungukiwa na waliochukuliwa. Hesabu ya mji mdogo huonyesha waliopo, waliokosekana haiwaonyeshi. Sehemu ya watu wa ziwa lile imezikwa hapa kwetu, chini ya mikarafuu.

Lakini si kila aliyeitwa Mnyasa alitoka Mbamba Bay. Jina hilo walitiwa watu wa pande zote za ziwa, Wachewa, Wamang'anja na wengineo, kila mmoja na lugha yake na kwao kwake. Aliyewaita hivyo hakuwauliza.

Tunawaomba wanachama mambo mawili. Kwanza, jina la Mnyasa lisitumiwe tena kwa kudharauliana, wala mizanini wala barazani. Pili, mwenye mzee nyumbani anayekumbuka asili yake, amwulize na aandike: jina la kijiji, la mto, la kilima, hata neno moja la lugha ya kwao. Wazee hawatungoji.

Wassalaam,
Katibu