Urafiki na Nani?

Mwaka 2011 klabu ya Union Berlin, huko Ujerumani, ilipanga mchezo wa kirafiki na RB Leipzig. Washabiki wake wakapinga, mchezo ukafutwa.

Huenda ndugu msomaji akauliza: mchezo usio na pointi wala kombe una ubaya gani? Leipzig iliundwa mwaka 2009 na kampuni ya vinywaji ya Red Bull, ikachukua nafasi ya klabu ndogo ya Markranstädt katika ligi. Union ina asili ya mafundi wa chuma. Mwaka 2008 na 2009 washabiki zaidi ya 2,000 walijitolea, bila ujira, kuujenga upya uwanja wao. Watu hao walikuwa na haki kabisa ya kuulizwa kwanza. Mpinzani wa ligi hupangwa, rafiki huchaguliwa. Ligi ilipoileta Leipzig uwanjani kwao mwaka 2014, walivaa nguo nyeusi, wakanyamaza dakika 15 za mwanzo.