Ukimrekodi babu akipiga gitaa, onyesha vidole

Krismasi ya mwaka juzi tulikuwa Dongobesh, wilayani Mbulu, nyumbani kwa baba yangu. Baada ya chakula alishusha gitaa lake kavu ukutani, akapiga nyimbo za kwaya alizozizoea tangu ujana wake. Wajukuu walikaa chini, watu wazima wakaimba, nami nikatoa simu nikarekodi.

Video ilitoka nzuri. Baba anacheka, mama anapiga vigelegele mlangoni, mtoto wa dada anapita mbele na sahani ya pilau. Niliituma kwenye kundi la familia na kila mtu akaisifia.

Tuliporudi Katesh, mwanangu wa miaka 13 akasema anataka kujifunza wimbo mmoja kati ya zile. Nilikuwa nimemnunulia gitaa la mtumba. Kila jioni akimaliza kazi za shule alikaa na simu yangu, anatazama, anasimamisha, anajaribu. Wiki tatu zikapita na sauti haifanani. Alibonyeza pale alipodhani babu anabonyeza, gitaa likatoa kitu kingine. Mwishowe aliniambia labda hana kipaji.

Hapo ndipo nilipoitazama ile video kwa macho yake. Niliona uso, paa na sahani. Mkono wa kushoto wa baba ulionekana kwa sekunde chache tu, na gumba la mkono wa kulia halikuonekana kabisa.

Nikampigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

Nikamweleza shida ya mjukuu wake. Akacheka. "Mwambie afunge penseli."

Kumbe baba hufunga kipande cha penseli kwa mpira kwenye shingo ya gitaa ili nyuzi zote zipande sauti kwa pamoja. Katika video yangu penseli hiyo ilizibwa na bega la mgeni. Mtoto alikuwa na kipaji cha kutosha. Video ndiyo iliyomnyima jambo la kwanza alilohitaji kujua.

Gitaa linalopigwa kwa mikono, miguu na magoti

Jibu la namna ya kurekodi vizuri lilitoka mahali ambapo sikutarajia. Mwanangu anapenda nyimbo za Don Williams wa Marekani, ambaye watu wa umri wangu tulimsikia sana redioni. Siku moja aliniuliza, "Baba, hii sauti inayolia nyuma ya mwimbaji ni ya nini? Si kinanda."

Ni gitaa la kulaza lenye pedali, ambalo wanamuziki huliita pedali stili. Halivaliwi begani. Limelazwa kama meza yenye miguu, na mpigaji huketi nyuma yake. Aina ya kawaida ina nyuzi 10. Mkono wa kushoto hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na mkono wa kulia hudonoa kwa kucha bandia. Mguu wa kushoto hukanyaga pedali zinazobadili sauti za nyuzi, mguu wa kulia huongeza na kupunguza ukubwa wa sauti, na magoti husukuma nyenzo zilizofungwa chini ya meza.

Gitaa la kulaza lilianzia Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na Joseph Kekuku ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake. Pedali ziliongezwa baadaye huko Marekani. Afrika nako lilifika: Demola Adepoju alilipiga katika bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria miaka ya 1980.

Sasa fikiria kumfundisha mtu chombo hicho kwa video. Ukionyesha mikono, miguu haionekani. Ukirudi nyuma uonyeshe mwili mzima, vidole vinakuwa vidogo mno. Kwa hiyo kuna walimu wanaotumia kamera zaidi ya moja na kugawa kioo: juu mikono, chini miguu na magoti. Wanapiga kifungu kifupi, wanakirudia polepole, wanataja uzi na pedali, kisha wanakipiga tena kwa mwendo wake.

Tulitazama somo moja pamoja. Mwanangu hakuelewa Kiingereza chote, lakini alielewa kilichofanyika. Akasema, "Babu naye turekodi hivi."

Santuri haikuwa na vidole

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi. Wimbo wake wa Kiswahili, "Masanga", ulisikika mbali, na wapiga gitaa wengi wamejaribu kuupiga kama yeye. Santuri iliwapa sauti. Vidole ilibidi wavibahatishe.

Miaka ya 1960 mtafiti Gerhard Kubik kutoka Austria alizunguka Afrika na kamera ya filamu isiyo na sauti. Alipiga filamu mikono ya wapiga ala, kisha akatazama picha moja baada ya nyingine ili ajue kidole kipi kimegusa wapi na lini. Bosco alifariki mwaka 1990. Kazi iliyohitaji kamera na filamu wakati ule, leo familia ya Katesh au Haydom inaweza kuifanya kwa simu, bora tu wajue waielekeze wapi.

Tulichofanya mara ya pili

Likizo ya Juni tulirudi Dongobesh na simu mbili. Baba alipotupa mkono wa salamu nilihisi unatetemeka. "Ni uzee," alisema, akabadili mazungumzo.

Asubuhi tulimketisha karibu na dirisha ili mwanga uangukie mikono. Simu ya kwanza tuliiweka juu ya kigoda, ikitazama mkono wa kushoto. Ya pili nilishika mimi, nikaielekeza kwenye mkono wa kulia. Tulipiga kofi moja mwanzoni ili baadaye tujue video mbili zinakutana wapi.

Kabla ya wimbo wowote baba aligusa nyuzi sita, mmoja mmoja, bila kubonyeza. Hiyo pekee ilitufaa kuliko video nzima ya Krismasi, kwa sababu mtoto sasa anaweza kukaza na kulegeza nyuzi zake mpaka zilingane na za babu. Kisha alionyesha penseli: anaiweka wapi, na anaifunga vipi.

Alipoanza kuimba, mjukuu akamkatisha. "Babu, usiimbe kwanza. Nionyeshe gumba tu."

Baba alijaribu nyimbo saba. Tatu alizimaliza. Kwa zile nne, zenye mwendo wa haraka, mkono wa kulia haukumtii. Alirudia mara mbili, akalaza gitaa magotini, akasema tunywe chai.

Hizo nne hatunazo tena. Zimo kwenye video ya Krismasi kama sauti na tabasamu, lakini namna ya kuzipiga hazionyeshi. Ningeuliza swali la penseli miezi sita mapema, huenda tungekuwa nazo saba.

Kwa mzazi mwenye simu

Rekodi mara mbili. Ya kwanza iwe ya furaha: nyuso, wimbo mzima, watu wakiimba. Ya pili iwe ya somo, mikono tu. Usijaribu kuzipata zote mbili katika video moja.

Tumia kamera ya nyuma ya simu. Ya mbele, ile ya kujipiga picha, katika simu nyingine hugeuza kushoto kuwa kulia, na mtoto atajifunza kinyume.

Anza na nyuzi zikiwa wazi. Fuata kifungu kimoja kifupi kwa mwendo wa kawaida, kisha polepole sana, kisha kawaida tena. Video ya dakika mbili inatosha. Ni rahisi kuirudia na haimalizi bando.

Mwache mtoto anayejifunza ndiye aulize maswali wakati mnarekodi. Mzee aliyezoea chombo chake hajui kipi kigumu. Baba yangu asingeitaja penseli mwenyewe, maana kwake ilikuwa kama kuvaa viatu.

Hifadhi nakala zaidi ya moja, na moja isiwe kwenye simu. Na kabla ya kuweka video mtandaoni mwombe mzee ruhusa. Kwa mtoto, video ya mikono ina faida nyingine: haionyeshi sura yake wala sare ya shule.

Vipimo hivyohivyo vitakusaidia kumchagulia mtoto masomo ya mtandaoni. Je, vidole vinaonekana? Je, mwalimu anarudia polepole? Je, ameanza kwa kulinganisha nyuzi? Kama dakika tano za kwanza ni maneno na uso, tafuta mwingine. YouTube pia ina sehemu ya kupunguza mwendo wa video mpaka nusu.

Muziki unafundishwa chuoni: kuna TaSUBa ya Bagamoyo, kuna Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, na Makumira kule Usa River hufundisha muziki hadi shahada. Lakini mtoto wa Hanang aliye darasa la saba hawezi kwenda huko kila Jumamosi. Mwalimu wake wa karibu ni mpigaji wa kwaya, au mzee aliye kijiji kingine, na katikati yao ipo simu. Njia hiihii inafaa pia kwa mpiga zeze, au kwa bibi wa Kibarbaig anayeshona shanga kwenye ngozi na ambaye wajukuu wake wanasoma mbali.

Mwezi uliopita mwanangu aliumaliza wimbo wa kwanza kati ya ile mitatu. Tulimrekodi, mikono tu, tukamtumia babu. Jibu lilikuja jioni, ujumbe wa sauti.

"Vizuri sana, mjukuu wangu. Ila gumba limechelewa kidogo. Rudia."